Kiatu cha Kushoto

Majibu yangu yalikuja kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili
kama barua ya posa.
Salhina aliiweka kando ya darubini, akaenda kusali adhuhuri.
Aina ya kwanza: sitini na nne.
Aina ya pili: thelathini na mbili.
Aina ya tatu: chini ya nane.

Chini ya nane.
Mie ninayewasomea wenzangu damu zao,
mie niliyemwambia dereva Mbarouk juzi tu,
"Kinga unayo, nenda kanywe chai,"
damu yangu mwenyewe imesahau somo.
Yale matone mawili ya utotoni, kituo cha afya Kengeja,
mama kanibana pua nisiteme,
yameniacha njiani bila kuaga.

Chumba cha nyuma, hapa Chake Chake, kuna friza
inayonguruma usiku kucha kama mtu mwenye deni.
Ndani mna vikopo vya choo vya watoto wa skuli.
Tuliwapima minyoo; wengine sasa ni baba za watu.
Penseli imefifia: Kengeja. Micheweni. Shumba Mjini.
*Mwanamme, miaka minne.*
Tulitafuta mnyoo, tukamwona mnyoo, tukafunga kifuniko.
Nani aliuliza mle kimelala nini kingine,
kimejikunyata kwenye baridi, hakina haraka,
hakina habari kwamba huku nje
kishatangazwa marehemu?

Sasa tuvitoe, kimoja kimoja, tuviandike, tuvichome moto.
Na atakayetia mkono mle
sharti awe na kinga.

Nikamkumbuka Mjomba Shaame, fundi saa wa Mkoani.
Mguu wake wa kushoto, mwembamba kama mwiko,
haukukanyaga ardhi tangu ana miaka mitatu.
Homa ya siku mbili, basi.
Lakini viatu alinunua jozi.
"Siwezi kumwambia muuzaji avunje jozi," alisema,
"na huu mguu nao una haki yake."
Alipofariki tulivuta sanduku chini ya kitanda:
viatu kumi na kimoja, vyote vya kushoto,
soli mpya, bado vinanuka duka.
Hatukujua tumpe nani.
Mama alichukua kimoja akakipangusa
vumbi ambalo halikuwapo.

Muuguzi Bikombo hana huruma za kupoteza.
"Pandisha mkono wa gauni. Usikaze."
"Nina miaka arobaini na moja, Bikombo."
"Kirusi hakiulizi cheti cha kuzaliwa."
Sindano ni kama kuumwa na chungu,
lakini machozi yalinitoka, na si ya sindano,
naye akajifanya anatafuta pamba.
Kisha, sijui ni utani au ni mazoea,
akakishika kidole changu cha mwisho
akakipaka wino wa zambarau,
kama wanavyopakwa watoto chanjo ikipita nyumba kwa nyumba.

Jioni Nassir, mtoto wa dada yangu, akauona.
Akaweka kidole chake kando ya changu.
Wake umebaki kwenye ukingo wa ukucha tu.
"Na wewe ulilia?"
"Kidogo."
"Mie sikulia," akasema,
mwongo mkubwa, nilikuwapo.
Halafu huyoo uani, mbio, miguu mitupu
ikipiga sakafu, wa kulia, wa kushoto,
wa kulia, wa kushoto.
Nilikuwa nimeshika sahani ya muhogo.
Nikasimama nayo pale mlangoni
nikiusikiliza ule mmoja.

Mkono unauma kidogo, pale juu.
Kesho saa mbili nafungua friza.